Nyumba ya kale ikianguka, tumuulize nani?

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao chetu cha wanafunzi wa sayansi ya siasa. Nayaweka hapa kwa sababu wengi mliyaomba. Kama kawaida, hakuna chama wala mwanasiasa nitakayemtaja.

Msimu wa siasa ukifika, hasa Pwani, huyu anasimama kudai Fort Jesus na mapato yake yarudi kwa kaunti. Yule anajibu kwamba kaunti haziwezi kutunza urithi wa taifa. Kila mmoja anapigiwa makofi na watu wake, basi, mjadala umekwisha. Mimi nasema wote wawili wameruka swali lenyewe.

Tuanze na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti zimepewa makumbusho ya kaunti, maktaba, shughuli za kitamaduni, na pia mipango na maendeleo ya kaunti. Kwa hivyo Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Hapo utata ni mdogo.

Ugumu unaanza ukitoka lango la ngome ukaingia Mji wa Kale. Huko hakuna jengo moja la kutiliwa ua na kukatiwa tiketi. Ni mitaa ya watu: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, roshani za mbao. Watu wanalala humo, wanapika, wanafanya biashara. Nyumba moja yaweza kuwa ya wakfu, au ya warithi kumi wasiosikizana. Mji wa kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, uko vivyo hivyo.

Sasa oneni kazi ilivyogawanywa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo kuwa la kulindwa, kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Lakini kibali cha ujenzi kinatolewa na kaunti, chini ya sheria ya mipango ya 2019. Yaani Nairobi ina tangazo, kaunti ina muhuri, na ukuta ni wa mwenyewe. Kaunti ikigonga muhuri bila kuwauliza Makavazi, ghorofa inapanda. Makavazi wakikataa na kaunti isitume mkaguzi, ghorofa inapanda vile vile.

Na mwenye nyumba je? Anaambiwa asibomoe, asitie saruji, atumie chokaa na boriti za mikoko. Ni ushauri mzuri, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa. Lakini mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, wakata mikoko wa Lamu nao wakasimamishwa. Mkono mmoja ulidai boriti, mwingine ulizifungia. Mwenye nyumba hana pesa, kwa hivyo anangoja. Masika yanaingia darini, boriti zinaoza, na siku moja nyumba inaanguka yenyewe, pengine na watu ndani. Ukitafuta aliyevunja sheria, humpati.

Jamani, Katiba haikutuacha hivi hivi. Kifungu cha 189 kinazitaka serikali hizi mbili zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi yake kwa makubaliano. Na hapa msikize vizuri: rasilimali za kuifanya kazi hiyo lazima zifuate, na jukumu la kikatiba linabaki kwa yule aliyepewa na Katiba. Kwa hivyo hakuna wa kusema “nilishawaachia wale”.

Kaunti ina haki kuuliza kuhusu mapato ya langoni. Serikali kuu nayo ina haki kuogopa vibali vya haraka haraka. Lakini hofu hizo hutatuliwa kwa mkataba, si kwa makofi.

Basi mgombea akija kwenu na habari ya turathi, wa kiti chochote kile, msimuulize kama anapenda historia yetu. Wote watasema wanapenda. Muulizeni: kuna makubaliano yaliyotiwa sahihi kati ya kaunti na Makavazi, na mwananchi atayasoma wapi? Kibali cha kujenga ndani ya eneo linalolindwa kinapitia mezani kwa nani kabla ya muhuri? Na kwenye bajeti ya mwaka huu, ni shilingi ngapi zimetengewa mwenye nyumba anayetakiwa kutengeneza paa kwa ajili yetu sote?

Akijibu hilo la mwisho kwa tarakimu, endeleeni kumsikiza.