Hesabu ya Jioni kwa Mwanafunzi wa Sheria



Mzazi wa Gitega au Muyinga ampelekapo mwanawe Bujumbura kusoma sheria, humuaga kwa dua, nauli na wasia wa kufaulu. Arudipo likizo, ni wachache wamuulizao: "Moyo wako u hali gani?" Naye kijana hushinda katika mashauri ya watu: ndugu wagombeao shamba, aliyedhulumiwa, aliyeua, kisha hulala nayo kichwani. Akikonda na kunyamaza, huambiwa ni mvivu, au imani yake imepungua.

Basi na ikumbukwe habari ya Imamu Ghazali. Mwaka 1091 aliwekwa kusomesha sheria katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, na wanafunzi 300 wakimsikiliza. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha. Hata chakula hakikupita. Matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Je, huyo naye alikuwa mvivu? Aliondoka akakaa faragha miaka mingi, na mwaka 1106 akarejea kusomesha, huko Nishapur.

Katika Ihya ameieleza muhasaba kwa mfano wa biashara. Asubuhi mtu huwekeana masharti na nafsi yake kama na mshirika wake; mchana huiangalia; jioni hukaa nayo wakahesabu faida na hasara. Mwenye duka hahesabu ili ajiadhibu. Huhesabu ili kesho afungue tena.

Mwanafunzi naye, baada ya Isha, na achukue daftari aandike mambo matatu: alilojifunza, lililomuumiza, na atakalorekebisha. Kisha apate mtu wa kumsikiliza. Bashingantahe wa Burundi hawakukata shauri papo hapo. Walijitenga kando wakashauriana, ndipo wakarudi kusema. Basi mzee na ajitenge kando na kijana, amsikilize kabla ya kumhukumu.

Lakini usingizi ukimkimbia siku nyingi, au akitaja kufa, daftari peke yake halitoshi. Hapana budi apelekwe kwa tabibu. Ipo hospitali ya maradhi ya akili Kamenge, Bujumbura, na kwenda huko si aibu. Ghazali mwenyewe aliangaliwa na matabibu.

Kijana huyu ndiye atakayeshika kesho haki za watu mkononi. Na aulizwe leo habari za moyo wake.

Wabillahi tawfiq.