Kushonwa sio kupona: maneno kwa vijana mbele ya salongo

Vijana wenzetu wa Goma, kaka na dada,

Siku ya posho tutashuka tena mu mitaro na beleshi na mapanga. Mbele ya kugawa vyombo, tunaomba dakika chache juu ya kitu chenye hatuzungumziaka sana: kidonda chenye kimeshonwa. Muji wetu uko juu ya mawe ya volkano. Lava ya mwaka wa 2002 ilipita katikati ya muji, na leo tunatembea juu yake, tunajenga juu yake. Mwenye kuanguka juu ya mawe ile anakatika sawa vile ameangukia chupa. Ongeza mabati ya kutu, mapanga na aksida za moto. Kila mumoja wetu anajua mutu mwenye alishonwa vizuri, kisha kidonda kikaozea nyumbani.

Neno letu leo ni hili: kushonwa sio kupona. Kazi ya munganga inaweza kuisha kwa nusu saa. Siku 10 ao 14 zenye zinabakia ni zetu: za mugonjwa, za jamaa yake, na za wenzake.

Tuanze na saa ya kwanza. Damu ikitoka, chukua kitambaa safi, finya kwa nguvu dakika 10 mpaka 15, bila kufunguafungua ili kuangalia. Kisha osha na maji safi mingi. Maji yenye tunaweza kunywa inatosha. Ya ziwa tuichemshe kwanza, tuifunike, tungoje ipoe. Kama kidonda kimefunguka sawa mudomo, kama damu inakataa kusimama, kama kidole hakikunjike ao kimekufa ganzi, kama ni ku uso ao ku kiungo, tusilale nacho. Twende kwa munganga siku ile ile, ndani ya saa chache. Vidonda vingine atakataa kuvishona, sawa kile kichafu cha tangu jana. Hajakuzarau. Anakiacha wazi ili uchafu usifungiwe ndani. Na kama ni mbwa amekuuma, uliza palepale juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mbele ya kutoka, tuulize maswali matatu. Nirudi lini kuonyesha kidonda? Nyuzi zitatolewa siku gani? Na chanjo ya tetanosi? Tetanosi ni ile pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi mu udongo na mu mavi ya wanyama, ni kusema mulemule mu mitaro yetu. Wamama wengi wanachanjwa wakiwa na mimba, lakini wanaume wengi chanjo yao ya mwisho ilikuwa ya utoto. Kidonda kikiwa kichafu, na miaka 5 imepita tangu chanjo ya mwisho, unahitaji ingine. Ugonjwa huu unaweza kuja kisha wiki moja ao mbili, wakati unawaza kwamba umepona: taya zinakazana, shingo inakuwa ngumu. Kufika pale, ni kukimbia hospitali.

Sasa ku nyumba. Siku 2 za kwanza, kidonda kibakie kikavu na kimefunikwa. Kisha, kama munganga hakukataza, osha polepole na maji safi na sabuni, mikono yako ikiwa imenawa kwanza. Usisugue. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, funika tena. Bandeji ikiloana ao ikichafuka, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kuoga mu ziwa, hapana, mpaka nyuzi zitoke na ngozi ifunge kabisa. Kama ni muguu, uuinue juu ya muto ukikaa.

Na vitu vyenye tunaonaka mu kartie: majivu, dawa ya meno, petroli, unga wa kapsule yenye imefunguliwa na kumwagwa juu ya kidonda. Vyote tuviache. Hata alkoli, kumwaga ndani ya kidonda kila siku kunaunguza nyama mupya yenye inajaribu kuota. Antibiotike ni ya kumeza, kama munganga ameiandika, na ni ya kumaliza.

Kuwasha kidogo ni kawaida. Maji kidogo ya kungaa siku za kwanza pia. Lakini maumivu yenye inaongezeka kisha siku ya 3, joto pembeni ya kidonda, kuvimba, usaha, harufu mubaya, homa: ni kurudi leo, sio kesho. Vitabu vingi vinasema tuangalie wekundu. Ku ngozi nyeusi wekundu haionekane mbio, kwa hiyo tuguse pembeni na mugongo wa mukono: kama ni moto, ngumu na inangaa, tusingoje.

Nyuzi za uso zinatolewa karibu siku ya 5. Za kichwa na mukono, siku 7 mpaka 10. Za muguu na viungo, siku 10 mpaka 14. Na kisha kutoa, tusirudie mizigo mara moja. Kisha wiki 3, kovu iko na karibu asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya zamani. Bidon ya litre 20 inaweza kulipasua tena.

Tuseme sasa juu ya franga, juu hapo ndipo wengi wanashindwa. Kila kubadilisha bandeji inalipwa, na moto ya kufika kule inalipwa. Mutu anarudi mara moja, anakosa ya pili, kisha anatoa nyuzi yeye mwenyewe na wembe. Wengine wanafungiwa hospitali kwa sababu ya deni. Huo sio ujinga wa mugonjwa. Ni kwa hiyo tunaomba wakubwa wa afya mambo tatu: bei ibandikwe ku ukuta mbele ya mutu kushonwa, bei ya kushona ihesabie pia bandeji na kutoa nyuzi, chanjo ya tetanosi na maji safi visikosekane mu kituo chochote cha afya.

Lakini kidonda hakingoje jibu ya wakubwa. Kwa hiyo, kuanzia siku ya posho, kila ekipe itakuwa na sanduku moja: gan, sabuni, bandeji safi, maji ya kuchemshwa mu chupa yenye imefungwa. Bila viatu vya kufunga, hakuna kushuka mu mutaro. Na mwenzetu akiumia, wawili wanaandikwa jina pale pale. Mumoja anamusindikiza siku za bandeji, mwingine anamuchotea maji mpaka nyuzi zitoke. Pesa ya moto itatoka mu muchango wetu wa kila mwezi.

Karatasi ya majina iko hapa mbele. Tunahitaji wawili kwa kila avenue. Mwenye anajua mwaka wa chanjo yake ya mwisho, auandike pembeni ya jina. Mwenye hajui, aandike "sijui", na wiki hii tutaenda naye ku kituo cha afya.