Binti Asiyewahi Kugusa Kompyuta



Kila Vasant Panchami tunaweka vitabu na kalamu mbele ya Saraswati. Kwa imani yetu, mwenye elimu ni mama. Ni ajabu basi kwamba katika madarasa ya kompyuta ya vyuo vingi mabinti wanahesabika kwa vidole.

Chuo cha Harvey Mudd, California, kilikuwa na hali hiyo. Mwaka 2006, Maria Klawe alipoanza kukiongoza, wanawake walikuwa takriban 10 katika kila 100 waliochagua sayansi ya kompyuta. Miaka michache baadaye walikaribia 40. Waliobadilika ni wahadhiri, si wasichana. Somo la kwanza lilifundishwa kwa Python badala ya Java. Darasa likagawanywa: waliowahi kuandika programu upande wao, wasiowahi upande wao. Mwanafunzi aliyependa kuonyesha ujuzi wake mbele ya wenzake aliitwa faraghani, akaombwa kwa upole apeleke maswali yake kwa mhadhiri baada ya kipindi.

Hilo la kugawanya darasa nalitilia mkazo. Binti aliyetoka shule isiyo na kompyuta, akiketi kando ya kijana aliyekua nayo nyumbani, hudhani uzoefu wa mwenzake ndio akili. Hunyamaza. Muhula ukiisha hubadili fani, na hakuna amwulizaye sababu. Wala si mabinti peke yao. Mtoto wa kiume wa mchuuzi wa mboga hupatwa na lilo hilo.

Mfuko wetu wa elimu hulipa karo. Ni jambo jema, lakini karo humfikisha mtoto mlangoni tu. Naiomba kamati iongeze mawili. La kwanza ni kompyuta mpakato za kuazima, maana anayengoja zamu katika maabara hufanya mazoezi kwa nadra. La pili ni ukumbi huu, ambao hufungwa baada ya arati ya jioni: ufunguliwe katika miezi ya kungoja vyuo, baada ya matokeo ya kidato cha sita, ili wanaokwenda kusomea kompyuta wafundishwe hatua za mwanzo, bila kuulizwa dini wala kabila. Wapo kati yenu wafanyao kazi hiyo katika mabenki na makampuni ya simu. Jioni mbili kwa juma zatosha. Daftari la majina liko pale mlangoni, penye viatu.