Somo la Kusoma: Kumtafuta Mwandishi Mpya

Juma lililopita tulimaliza Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980. Mtamkumbuka Tamima, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Akiita mkunga, amevunja amri ya mumewe, Bwana Maksuudi. Asipoita, roho mbili zi hatarini. Sasa mwauliza: baada ya hiki tumsome nani?

Usiende dukani ukasema, "Nipe kitabu kizuri." Utapewa kile kilichokaa rafuni siku nyingi. Anza na orodha za tuzo. Ile ya Mabati-Cornell ilitolewa kwanza mwaka 2015, na upande wa riwaya alishinda Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu. Baadaye akashinda Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi, habari za baba mkali na watu wa nyumbani mwake. Tanzania nayo ina tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023.

Lakini tuzo haikusomei kitabu. Kifungue katikati, utafute mahali mtu anapolazimika kuchagua. Kama njia moja ni nyeupe na ya pili nyeusi, kirudishe. Kama kila njia itamliza mtu wa nyumba ile, kichukue. (Mimi kitabu cha namna hiyo kimewahi kunipitisha kituo cha basi.) Huna fedha? Mwombe mtunza maktaba akuwekee.

Juma lijalo tuambieni mmepata kipi, na ni ukurasa gani uliowagombanisha nyumbani.