Barrio Logan: Nyumba na Viwanda kwenye Kiwanja Kimoja

Leo tunakwenda San Diego, California, si mbali na mpaka wa Mexico, kwenye mtaa uitwao Barrio Logan. Mtaa huu uliharibiwa ofisini, kwa kalamu, na tingatinga likaja baadaye.

Familia za Kimexico zilianza kuhamia huko kwa wingi baada ya mapinduzi ya Mexico yaliyoanza mwaka 1910. Watu walifanya kazi bandarini na kwenye viwanda vya kusindika jodari, na watoto wakishuka kuogelea ghubani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jeshi la majini na watengeneza meli wakautwaa ufuo, na bahari waliyokuwa wakiiona kila siku ikabaki nyuma ya uzio.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Katika miaka ya 1950 jiji lilibadili matumizi ya ardhi ya mtaa ule. Eneo lililokuwa la makazi likawa la mchanganyiko, yaani nyumba na viwanda ruksa pamoja. Siku hiyo hakuna aliyevunjiwa nyumba wala kupewa notisi. Lakini nyumba ya jirani ilipouzwa, mnunuzi alikuwa na haki ya kuleta skrepa. Yadi za magari mabovu, ambazo wenyeji huziita yonke, zikazagaa. Mama anaanika nguo uani, na ng'ambo ya ukuta wanakata vyuma kwa gesi. Kisheria, kila mmoja yuko mahali pake.

Na eneo likishaandikwa la viwanda, maafisa wa mipango miji huliona kama halina watu. Mwaka 1963 barabara kuu namba 5 ikaukata mtaa vipande viwili. Mwaka 1969 likafunguliwa daraja la Coronado, refu na lililopinda ili lipate mwinuko wa kupitisha manowari chini yake, na nguzo zake nene za zege zikasimikwa pale pale palipokuwa na nyumba za watu.

Wakazi waliahidiwa bustani chini ya daraja hilo. Tarehe 22 Aprili 1970 mwanafunzi mmoja, Mario Solis, akapita, akakuta matingatinga kazini. Akauliza kinajengwa nini, akajibiwa: kituo cha polisi wa barabara kuu. Habari zikaenea mlango kwa mlango. Wanafunzi, kina mama na wazee wakashikana mikono kuyazunguka matingatinga, wengine wakashika sepetu na kuanza kupanda maua na dungusi kakati. Walikaa siku 12, na serikali ikakubali. Ndiyo asili ya bustani ya Chicano Park. Kuanzia 1973 wasanii wakazigeuza nguzo zile kuwa michoro mikubwa ya rangi, na mwishoni mwa 2016 bustani ikatambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa la Marekani.

Ushindi huo mimi nauheshimu sana, ila haukugusa ile sheria ya matumizi ya ardhi. Mpango wa mtaa uliopitishwa mwaka 1978 nao uliacha nyumba na viwanda vikae pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vipimo vya hewa vilinasa kromu ya aina inayosababisha saratani karibu na karakana moja ya kupaka vyuma kromu, iliyokuwa imepakana na nyumba za watu. Karakana ikafungwa mwaka 2002. Kufunga karakana moja, hata hivyo, hakuzuii nyingine kufunguliwa mtaa wa pili.

Mwaka 2013 baraza la jiji likapitisha mpango mpya: nyumba upande huu, yadi za meli upande ule, na katikati eneo la kutenganisha. Wenye yadi za meli wakasema wauzaji wao wa vipuri wataumia na ajira zitapotea, wakakusanya saini, na suala likapelekwa kwenye kura Juni 2014. Aliyepiga kura ni mkazi yeyote wa San Diego, hata wa vitongoji vya mbali ambako lori la kiwanda halijawahi kupita mbele ya shule. Mpango ukaanguka. Kwangu mimi, hapo ndipo mtaa ulipoonewa waziwazi kuliko hata siku ya barabara kuu.

Baadaye watu wa yadi na watetezi wa wakazi wakakaa mezani, wakasikilizana kuhusu hilo eneo la kutenganisha. Desemba 2021 baraza likapitisha mpango mwingine, na kwa kuwa mtaa uko pwani, ilibidi upelekwe pia kwenye tume ya pwani ya California.

Siku hizi Logan Avenue ina migahawa na majumba ya sanaa, na wageni wanakuja na kamera zao. Wengi wa wakazi ni wapangaji. Swali wanalouliza kwenye mikutano yao sasa ni kodi: hewa ikisafishwa, nani ataimudu nyumba iliyo kwenye hewa hiyo?