Ufaulu wa Watoto Gani? Kuhusu Kuzipima Shule Zetu za Masasi na Newala

(Hotuba kwa kikao cha wadau wa elimu)



Kila yanapotoka matokeo ya darasa la saba, swali la kwanza tunaloulizana ni moja: halmashauri yetu imekuwa ya ngapi kimkoa? Swali hilo ni halali. Fedha za wananchi zinatumika shuleni, na mwenye mali ana haki ya kujua amevuna nini. Hata hivyo, naomba leo tujizoeze kuuliza swali la pili, ambalo ni zito zaidi: asilimia hiyo ya ufaulu ni ya watoto gani?

Asilimia ya ufaulu hupatikana kwa kulinganisha idadi ya waliofaulu na idadi ya waliofanya mtihani. Mtoto aliyeacha shule akiwa darasa la tano hayumo katika hesabu hiyo. Hahesabiwi kuwa amefaulu, wala hahesabiwi kuwa ameshindwa. Mkulima wa korosho analielewa vyema jambo hili. Mizani ya chama cha msingi hupima gunia lililofika ghalani, na daraja hutolewa kwa korosho zilizomo. Zile zilizoozea chini ya mkorosho hazishushi daraja la gunia, ingawa hasara yake anaijua mwenye shamba.

Chukueni mfano wa kufikirika wa shule mbili, ambazo kila moja iliandikisha watoto 80 darasa la kwanza. Katika shule ya kwanza watoto 40 walifika kwenye mtihani wa darasa la saba, na 36 wakafaulu. Ufaulu wake ni asilimia 90. Katika shule ya pili walifika watoto 70, wakafaulu 56. Ufaulu wake ni asilimia 80. Katika orodha yetu ya kawaida, shule ya kwanza itapewa cheti na ya pili itaitwa kujieleza. Lakini tukihesabu tangu mlangoni, shule ya kwanza imefaulisha asilimia 45 ya watoto iliopokea, na ya pili asilimia 70. Tumempongeza aliyepoteza na kumkaripia aliyetunza.

Jambo hili si la kinadharia. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule za msingi zikaanza kupangwa hadharani kwa nafasi, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza matokeo ya shule hizo kati ya mwaka 2011 na 2016. Waliona mambo mawili. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, kwa hiyo kupimwa kulisaidia. Papo hapo, mpango huo uliwafanya baadhi ya walimu kuwazuia wanafunzi dhaifu wasiingie darasa la saba, ili wasiharibu wastani. Kipimo kile kile kilichomwamsha mwalimu kilimpa pia sababu ya kumfungia mtoto mlango.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora na wanafunzi bora iliyokuwa imezoeleka. Wapo waliosikitika. Nadhani badala ya kusikitika, sisi wa halmashauri tuitumie nafasi hiyo kujitengenezea kipimo cha haki zaidi.

Tunahitaji pia tahadhari tunapolinganisha mwaka na mwaka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wakipata sifuri. Yakapangwa upya mwaka 2013, na ufaulu ukapanda bila mtoto yeyote kurudi darasani. Madaraja yakabadilishwa kuwa wastani wa alama, kisha mwaka 2016 yakarudishwa. Mipaka nayo hubadilika. Nanyumbu ilikuwa sehemu ya Masasi, Tandahimba ilikuwa sehemu ya Newala, na leo miji ya Masasi na Newala ina halmashauri zake. Anayesema "Masasi imeshuka" au "Newala imepanda" aeleze kwanza anazungumzia Masasi ipi na Newala ipi.

Waheshimiwa, watoto wetu hupotea kwa sababu tunazozijua. Msimu wa korosho huwadia miezi ya mwisho ya mwaka, wakati wa mitihani ya kidato cha pili na cha nne. Familia nyingine huhamia mashambani na mtoto akaondoka nayo bila barua ya uhamisho. Huku juu Newala, ambako maji ya mvua huzama mchangani, siku ambayo bomba halitoi maji ndoo humwita mtoto, na mara nyingi ni mtoto wa kike, kabla ya kengele. Hakuna sababu hata moja kati ya hizi inayoonekana katika asilimia ya ufaulu.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila taarifa ya ufaulu inayoletwa mbele ya Baraza la Madiwani iwe na safu tatu: walioandikishwa darasa la kwanza, waliofanya mtihani, na waliofaulu. Kundi lililoanza Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza na madarasa yakafurika, lilitarajiwa kumaliza mwaka 2022. Tuanze na hilo. Pili, namba ya PREM anayopewa kila mwanafunzi itumike kumfuatilia, ili aliyehama atofautishwe na aliyeacha. Tatu, mwalimu mkuu anayemrejesha mtoto shuleni, akiwemo binti aliyejifungua ambaye tangu Novemba 2021 Serikali imemfungulia mlango, atambuliwe kwa hilo hata kama mtoto huyo atashusha wastani.

Najua gharama ya pendekezo hili. Tukianza kuhesabu hivi, takwimu zetu za mwaka wa kwanza hazitapendeza, na jirani anayehesabu kwa njia ya zamani atatupita. Diwani ataulizwa na wapiga kura wake, na mwalimu mkuu ataulizwa na mkubwa wake wa kazi. Nawaomba tukubali kuulizwa. Orodha ya majina ya waliokosekana, ikisomwa kata kwa kata, itatuambia ni mlango wa nani wa kubisha hodi kesho asubuhi. Nafasi ya tatu au ya saba kimkoa haiwezi kutuambia hilo.