Mtoto Achezaye Nje ni Mtoto Ajulikanaye

(Mada kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Nyamuswa)



Nimeombwa nizungumze juu ya watoto wetu, televisheni na simu. Wengi wetu hulitazama jambo hili kama suala la adabu, tukilalamika kwamba watoto wa siku hizi wameharibika. Mimi naomba tulitazame kama suala la haki. Kucheza ni haki ya mtoto, nasi watu wazima ndio tunaompa au kumnyima.

1. Hali ilivyo

Televisheni ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994; Zanzibar walitangulia tangu miaka ya 1970. Leo umeme umefika vijijini, mabanda ya video yanajaa watoto, na simu ya baba imegeuka kuwa yaya. Mtoto akilia, apewa simu anyamaze. Twaufurahia ukimya huo bila kuuliza gharama yake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100. Miongoni mwa wenzao wasioongezewa muda huo walikuwa karibu 40.

2. Tuamue kwa mwanga gani?

Nabii Zakaria, katika sura ya 8, anapouona mji uliopata amani, haoni majeshi wala maghala. Anaona wazee wameketi na mikongojo yao, na watoto wakicheza njiani. Wazee na watoto wako mahali pamoja, nao waonana.

Hapa Ikizu tunao ushuhuda wetu. Yasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alicheza soro na kijana Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito, aliyekuwa mchunga mbuzi kule Butiama. Akaiona akili yake, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 kijana huyo akaanza masomo Mwisenge, Musoma. Kipaji chake kilionekana penye kete za soro, mzee na mtoto wakiwa ana kwa ana. Je, mtoto aliyejikunyata pembeni na simu, ni mzee gani atakayekiona kipaji chake? Katika rede, kombolela na chandimu, kijiji humfahamu aliye mkweli, aliye mpole, na aliye na huzuni ya kusaidiwa.

3. Dhuluma iliyojificha

Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, yataja wazi haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Haki hiyo si ya wavulana peke yao. Kaka yu bandani anatazama sinema. Dada yake ateka maji, apika, abeba mdogo wake mgongoni mpaka giza liingie. Binti huyo hana skrini wala hana uwanja. Kumzoeza mtoto kazi ni malezi mema, lakini kumtwisha mmoja mzigo wa wote ni dhuluma. Tukiishia kuzifokea simu, tutamwacha binti huyu palepale alipo.

4. Tutende nini?

Sisemi kwamba simu ni dhambi. Nasema isichukue nafasi ya mzazi. Basi:

(a) Kazi za nyumbani zigawanywe kwa watoto wote, ili kila mmoja apate saa yake ya kucheza kabla jua halijazama.

(b) Kamati za shule zilinde viwanja vya michezo, visimegwe kwa vibanda wala mashamba.

(c) Tuzungumze kidugu na wenye mabanda ya video, pamoja na serikali ya kijiji, watoto wasipokelewe saa za masomo wala usiku.

(d) Wazee wetu wawafundishe wajukuu soro.

Swali la kujadiliwa katika jumuiya: Katika eneo letu, ni mtoto yupi ambaye hatujamwona akicheza mwezi huu, na ni nini kinachomzuia?